Chura Haliwi Katika Nyumba Hii

Mara ya kwanza kufa, niliuawa na nguruwe. Nilikuwa panya, nimetulia kwenye nyasi nakula matunda madogo mekundu, sina ubaya na mtu, mara nguruwe akatokea upande wa kushoto na huo ukawa mwisho wangu. Kaka yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unakula kama uko harusini," aliniambia. "Hapa mtu anakula akiangalia nyuma."

Mchezo wenyewe ulikuwa wa intaneti na haukuhitaji hata kupakuliwa. Unafungua ukurasa, unaandika jina lolote unalotaka, na tayari wewe ni panya katikati ya panya wengine wa kutoka kila pembe ya dunia. Ukila vya kutosha unapanda: panya anakuwa sungura, anakuwa nguruwe, anakuwa mbweha, na kuendelea hivyo mpaka juu kabisa kwenye joka linalotema moto, ambalo mimi sikuwahi kulifikia na naomba nisiulizwe kwa nini. Mnyama aliyezungushiwa mstari wa kijani ni chakula chako. Aliyezungushiwa mwekundu, wewe ndiwe chakula chake, na hapo mwenye nguvu mpishe. Lazima pia unywe maji, maana hata kiu inaua. Hayo ndiyo yalikuwa masharti yote, na ukiyafikiria vizuri hayana tofauti kubwa na mji wetu wa Mogogosiek siku ya soko.

Siku hizi naona vijana na michezo yao kwenye simu, yenye watu wanaotoka jasho kabisa na risasi zinazolia kama kweli, nami nasema tu, hongereni. Wanyama wetu walikuwa viduara vilivyochorwa macho, wanafanana na vifuniko vya soda. Lakini nikipewa nafasi ya kurudi mahali pamoja tu duniani, nitarudi kwenye benchi letu la mbao chini ya tangi la maji, laptopu iko mapajani, upepo unaleta harufu ya majani chai yanayokaushwa kiwandani, na mbingu inaanza kuwa nyeusi upande wa msitu kwa sababu saa ya mvua inakaribia. Nitarudi hapo hata kama ni kuliwa na nguruwe tena.

Sasa lazima nieleze kwa nini baadaye kaka hakuwa tena nyumbani, maana bila hilo hakuna habari.

Kaka alikuwa ametoka chuo na vyeti vya kilimo na kichwa kinachochemka. Kila jioni alimwambia baba kwamba chai peke yake haitoshi, tupande maparachichi. Kila jioni baba alimjibu, "Nimesikia," na mtu yeyote wa nyumba yetu anajua kwamba "nimesikia" ya baba maana yake ni hapana. Basi shangazi yetu akaugua kule Bomet, baba akaenda kukaa naye kwa siku kadhaa. Kaka akaita vijana wawili wenye jembe na shoka, wakang'oa chai ya sehemu ya juu yote, ile iliyopakana na barabara. Mama alisimama kwenye ukingo wa shamba ameshika kiuno. "Mngoje baba yako," alimwambia.

"Nikimngoja atakataa," kaka alisema. Na hapo hakudanganya.

Chai si kitu cha kung'oa hivi hivi. Mizizi yake inashika udongo kama mtu anayekataa kutolewa nyumbani kwake. Tena ile ya juu ilipandwa na babu kwa mikono yake, wakati watu wa kwetu walipoanza kuruhusiwa kuwa na chai yao wenyewe. Baba alijifunza kuchuma pale akiwa mfupi kuliko mmea. Kaka aliyajua yote hayo. Alidhani baba akiona miche ya maparachichi imesimama mistari imenyooka, atapoa. Vijana wa chuo hudhani mstari ukinyooka kila mtu atapoa.

Baba alirudi kwa pikipiki ya boda. Alishuka pale juu barabarani, mfuko wake mkononi, akasimama. Angepiga kelele tungepona. Hakupiga. Alitembea katikati ya mashimo, akainama, akaokota mzizi mmoja, akaukung'uta udongo, akauweka chini taratibu. Jioni baada ya chakula ndipo aliposema. Sauti yake ilikuwa ya chini hata mvua ilitaka kuifunika.

"Mali ya mzee huguswa akishakufa," alimwambia kaka. "Naona umenizika. Basi nenda. Maiti hana la kukwambia."

Asubuhi kaka akabeba nguo zake, akaenda kwa mjomba wetu Fort Ternan, kule chini kwenye joto na miwa. Laptopu aliniachia mimi. Bawaba yake moja ilikuwa imevunjika, kwa hiyo ukiifungua lazima uiegemeze kwa kitu. "Soma nayo," alisema, na sote wawili tulijua nitacheza nayo.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Fort Ternan si mbali. Ni safari ya asubuhi moja. Angekuwa ameenda Uarabuni kama wengine, tungesema ametafuta maisha, tungemwombea kanisani. Lakini mtu kuwa karibu hivyo na asirudi hata Krismasi! Jina lake likatoweka nyumbani. Mama akilitaja, baba anachukua kofia anasema anaenda kuona ng'ombe, na mwaka ule ng'ombe wetu alionwa sana. Mimi nisizunguke: nilitaka kaka yangu arudi. Niliomba hilo kabla ya kulala na nililitaka asubuhi nikiamka, na hakuna aliyeniuliza.

Mwaka uliofuata corona ikaja, usiku kukawa na kafyu, hakuna ruhusa ya kutembea, shule zikafungwa, nikawa nyumbani mchana kutwa. Asubuhi nilichuma chai na mama, tukapeleka majani kituoni tukiwa tumevaa barakoa za kushonwa na jirani. Mchana nilikaa kwenye benchi chini ya tangi, kwa sababu hapo tu ndipo netiwaki ilipokubali kusimama. Kaka kule kwa mjomba alikuwa na simu yake. Saa yetu ikifika tunaingia kwenye mchezo upande mmoja, maana uwanja wake ulikuwa na pande nyingi, tunatafutana. Kulikuwa na mahali pa kuandika maneno machache, nayo yanatokea juu ya kichwa cha mnyama wako kwa muda mfupi halafu yanafutika. Hapo ndipo tulipoongea, maana simu baba angeisikia.

Yalikuwa mazungumzo ya ajabu. Sungura anamwambia sungura mwenzake, "mama vipi", na kabla hajajibiwa mbweha ameshafika. Salamu zetu nyingi zilikatwa na kifo. Tunaanza tena upya, panya wawili, tunatafutana kwenye nyasi.

"Mama mzima," naandika. "Amekutumia maziwa lala kwa yule wa boda."

"Yamefika. Na mzee?"

"Yuko kwa ng'ombe."

Halafu kaka anarudi kula matunda yake.

Makanisa nayo yalikuwa yamefungwa. Kwa baba hilo lilikuwa pigo maana ni mzee wa kanisa, na Jumapili kwake ilikuwa siku ya kazi kuliko Jumatatu. Hakukubali kuvaa nguo za kawaida. Alivaa koti lake la ibada, akatusomea Neno sebuleni, akaomba, halafu mchana mzima ukabaki mbele yake hauna kitu. Akaja kukaa kwenye benchi. Benchi ni lake tangu zamani, singeweza kumfukuza. Nikaendelea kucheza nikijidai nasoma biolojia.

"Huyo mbweha anakuja," baba akasema.

Nikageuka, nikakimbia, nikapona. Tangu hapo akawa mlinzi wangu. Baba alichunga ng'ombe utotoni na macho yake hayakusahau. Aliona hatari ikiwa bado pembeni ya kioo. "Usiende kwa maji moja kwa moja," ananiambia. "Zunguka. Mnyama hungojwa kwenye maji." Nikibisha nakufa, yeye anasonya. Kuna siku aliniuliza kwa uchungu kabisa, "Kwani hawa wanyama hawana mwenyewe?" Nikamwambia hawana. Akatikisa kichwa akisema ndiyo sababu wanaishi hivyo.

Ikaja ile Jumapili ya chura.

Kwetu Wakipsigis kila ukoo una mnyama wake, tunamwita tiondo. Kuna watu wa simba, kuna wa tembo, kuna wa nyuki, wa korongo mwenye taji. Sisi ni watu wa chura. Usicheke, nimechekwa vya kutosha shule ya msingi. Tiondo si mungu na wala hatumwabudu, ila huwezi kumuua, kama vile huwezi kumpiga binamu yako mawe. Tena ndiyo swali ambalo wazee wa kwetu humuuliza mgeni kabla hawajamuuliza jina: mnyama wenu ni yupi? Wakishajua hilo wanajua kama ni wa kupewa kiti tu au ni ndugu. Baba ni Mkristo wa kutosha, lakini mvua ikimsukuma chura mpaka jikoni kwetu, hakuna wa kugusa ufagio. Mlango unafunguliwa, anadondoshewa maziwa kidogo mbele yake, na baba anamwambia kwa heshima, "Pita salama, mtu wetu."

Basi siku hiyo nilikuwa mbweha mwenye njaa. Kando ya kidimbwi nikamwona chura mnono amezungukwa na mstari wa kijani. Nikamrukia.

"Weee!" Baba alipiga benchi kofi mpaka laptopu ikataka kuanguka. "Huyo ni mtu wetu!"

"Baba, huyo labda ni mtu wa Brazili!"

"Na Brazili hakuna watu wetu?"

Chura akaingia majini, akaenda zake. Baba akanyoosha kidole kama yuko mimbarini. "Chura haliwi katika nyumba hii."

"Hata kwa kompyuta?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Hata kwa kompyuta!"

Ikawa sheria. Nami nakwambia, ilitumaliza. Vyura ndio walikuwa chakula rahisi kuliko vyote, wamejaa kila kidimbwi, na mimi nikawa nawapita nimekaza macho huku wageni wa nchi za mbali wakiwameza kama njugu na kupanda vyeo. Katika mchezo wa kulana sisi tuliingia na heshima, na heshima haishibishi. Nilimlalamikia kaka. Nikaandika, "mzee amenikataza kula vyura, unaamini?"

Akaandika, "kwani wewe ulikuwa unawala?"

Miezi yote hiyo, hata alipokuwa simba mwenye njaa ya kufa, hakuwahi kugusa chura, na hakuwahi kusema. Nilicheka, halafu nikafunga laptopu nikaenda kukata majani ya ng'ombe ambayo hakuna aliyenituma.

Baada ya hapo baba akataka kucheza mwenyewe. Oh, mngemwona! Vidole vya kuchuma chai vimekomaa, havijui kugusa kitu polepole, akigusa mahali pa kuongoza panya anaruka mpaka ukingoni. Aliliwa na kila kitu kilichoumbwa. Mama alikuja mlangoni na mwiko.

"Mzee wa kanisa amekuwa panya," alisema. "Aki nimeishi nikaona."

"Nyamaza, natafuta maji," baba akamjibu, hakuinua macho.

Lakini alijifunza. Siku alipofika cheo cha chura alikataa kuendelea. Mchezo ulimwambia ameshiba, achague mnyama wa juu zaidi, naye akasema hapana. Nilimweleza kwamba mbweha ana nguvu. "Sasa niache watu wangu niwe mbweha kwa sababu ya nguvu?" Akakaa hivyo hivyo, chura, Jumapili baada ya Jumapili, akijificha kwenye matope kando ya maji, anakula wadudu wake, anasalimia vyura wengine ambao hawakujua wanasalimiwa. Nilikaa karibu naye, bega kwa bega, nikinusa sabuni ya koti lake. Sijawahi kumpenda baba yangu kama nilivyompenda miezi ile, na wakati huo huo nilimkasirikia, maana nilijua ana moyo na alikuwa anamnyima mtu mmoja tu.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Nilishuka mpaka kwenye matete ya mtoni, nikampigia kaka.

"Jumapili uingie saa tisa," nilimwambia. "Baba ni chura."

"Baba gani?"

"Kwani tuna wangapi?"

Alisema nina wazimu. Alisema mzee akijua ni yeye atavunja hiyo laptopu na kile kibawaba kilichobaki. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Anacheza vizuri?"

"Vibaya sana," nikasema. "Njoo."

Jumapili hiyo ikafika. Baba alisoma Neno, tukala, akaja na koti lake akakaa, akachukua laptopu kama mwenye nayo. Nilimwekea mchezo upande ambao kaka alinitajia, kwa jina langu analolijua. Alikufa kidogo, akaanza upya, mwishowe akawa chura. Akaenda kidimbwini kwa kuzunguka, kama alivyonifundisha. Na huko majini kulikuwa na mamba.

Sote wawili tulimwona kwa wakati mmoja. Mamba akaja. Baba alikuwa kwenye nchi kavu, hana tope la kujificha, nami nikajua kwisha. Hapo ndipo kiboko alipoingia. Alitokea juu ya kioo, mkubwa, amezungukwa na mstari mwekundu, maana katika mchezo ule kiboko pia hula chura. Baba akasema, "Wawili!" akafumba jicho moja. Lakini kiboko hakumla. Alipita kando yake kwa uangalifu, akaenda kusimama katikati, kati ya chura na mamba.

Baba alifumbua jicho. Alisogea kushoto, kiboko akasogea kushoto. Alisogea kulia, naye akasogea.

"Mbona hanili?" baba aliuliza.

Nilikaza macho kwa mamba.

"Angenila tangu pale." Aliinamia kioo mpaka kofia ikagusa. "Huyu amelelewa na watu. Muulize mnyama wao ni yupi."

Nikaandika: mnyama wenu ni yupi. Maneno yakatokea juu ya chura wetu. Yakakaa. Mamba akamng'ata kiboko. Halafu juu ya kiboko likatokea neno moja: chura.

Baba alivuta pumzi kupitia puani. "Muulize wa wapi."

Nikaandika. Kiboko akajibu: juu ya kiwanda, kwa mzee aliyekataa maparachichi.

Baba yangu si mjinga. Hakuniangalia, hakuuliza kitu. Mkono wake ulikaa juu ya goti, ukafungika, ukafunguka. Nilingoja achukue kofia aende kwa ng'ombe, na nikaapa moyoni akiondoka nitamfuata nimwambie yote, liwalo na liwe. Mamba akamng'ata kiboko tena. Kiboko akageuka kidogo, akarudi palepale.

"Nipe hiyo mashine," baba akasema.

"Unayo, baba."

"Basi ondoa mikono yako. Niandike mimi."

Akaanza. Baba alikuwa hajawahi kuandika kwa kompyuta maisha yake yote. Kidole kimoja kilizunguka juu ya herufi kama kuku anayetafuta punje. Akapata N. Akatafuta I mpaka nikataka kulia. Huko kwenye kioo mamba alikuwa anauma, anazunguka, anauma, na kiboko anaishiwa uhai, nami namwona kaka yangu huko Fort Ternan ameshika simu kwa mikono miwili akikataa kukimbia.

"Baba, harakisha!"

"Usinikimbize. B iko wapi?"

"Chini! Hapo chini, baba, katikati!"

Aliipata B. Alipata A. Mamba akauma mara ya mwisho na kiboko akatoweka, ikabaki nyama tu inaelea. Baba hakuona, alikuwa anatafuta Y. Alipomaliza alibonyeza pale alipokuwa ameniona nikibonyeza, akaegemea ukuta wa tangi, na maneno yakatokea juu ya yule chura mdogo kando ya maji: ni mimi baba yako.

Aliyeyasoma ni mamba. Akamla baba na maneno yake.

Kioo kikaandika kwamba umekufa, bonyeza hapa uanze upya. Baba hakubonyeza. Tone la kwanza la mvua liligonga bati la tangi.

"Alisoma?" aliniuliza.

"Hapana, baba. Alikufa kabla hujamaliza."

"Kwa nini hakukimbia?"

"Angekimbia wewe ungeliwa."

Uso wa baba ulikunjamana, akaushika kwa kiganja chake chote, kile kigumu, akaupangusa kuanzia paji mpaka kidevu. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo, hata kwa mazishi ya babu. Mvua ikaanza kunyesha kweli, nasi hatukuinuka.

"Nipe simu," alisema. "Namba unayo, usijifanye."

Nilimpigia, nikamkabidhi. Kaka alipokea akidhani ni mimi, na sauti yake ilisikika hata pale nilipokuwa nimekaa. "Wee! Umemwona huyo mamba mshenzi? Mzee amesema nini?"

"Mzee hajasema kitu," baba akamjibu.

Nilimwona baba akifungua mdomo na kuufunga. Alikuwa na mambo ya mwaka mzima na zaidi, na nadhani yote yalimjia mlangoni kwa pamoja yakakwama. Mwishowe akauliza, kama ambavyo angemuuliza akimkuta jikoni, "Umekula?"

Kaka yangu ni mtu mzima, ana ndevu. Nilisikia akilia kwenye simu kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mama yake.

"Bado, baba."

"Saa hizi na hujala?"

"Bado."

"Basi njoo ule. Uwahi kabla ya kafyu."

Akanirudishia simu kichwa chini, akaingia ndani na koti limelowa. Nilimsikia akimwambia mama aongeze unga, na mama, ambaye hakuambiwa ni kwa nini, akadondosha kifuniko cha sufuria akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kulia. Alisonga ugali wa watu wanne. Akakaanga mboga, akatoa kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha ya kwetu, kilichokuwa kimewekwa kwa wageni. Chakula kikawa tayari mvua ikiwa bado inanyesha, giza likaingia, na mimi nikanyoosha mkono nichukue kipande tu cha ugali cha pembeni, maana nilikuwa sijameza kitu kwa wasiwasi tangu mchana.

"Acha," baba akasema.

Sufuria ikafunikwa. Tukakaa tumeizunguka, baba, mama na mimi, matumbo yananguruma, hakuna aliyegusa kitu, mpaka tukasikia boda ikipunguza mwendo kule juu barabarani.